Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Cheti cha gari na neno la Mwislamu



Ndugu zangu, swali la leo limeulizwa baada ya tarawehe. Mwenzetu anatafuta gari la mkononi, kaona mawili ya aina moja na mwaka mmoja. La kwanza analiuza mtu binafsi, milioni 14. La pili lipo yadi, limekaguliwa, lina cheti na dhamana ya miezi 6, milioni 16. Anauliza: hiyo milioni 2 ya cheti si israfu? Na kudai cheti si kumdhania vibaya Mwislamu mwenzangu?

Si israfu, wala si dhana mbaya. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Kukagua gari ndiko kumfunga ngamia. Ila angalia unanunua nini. Cheti kimetolewa na nani? Kama yadi imejikagua yenyewe, huo ni ushahidi wa mtu kwa nafsi yake. Dhamana inabeba nini: injini na giaboksi, au taa na redio tu? Ipo kwa maandishi? Majibu yakikuridhisha, lipa, hasa kama huna akiba ya matengenezo. Yasipokuridhisha, cheti hicho ni karatasi. Nenda kwa lile la milioni 14, lakini na fundi wako mwenyewe, uliyemlipa wewe, aliendeshe na achungulie chini.

Sasa upande wa pili, na huu ndio mzito. Kwa nini cheti kina bei? Kwa sababu neno letu limeshuka bei. Muuzaji anasema "injini haijaguswa", na hakuna anayemwamini. Kilomita zimerudishwa nyuma, gari lililopinda limenyooshwa na kupigwa rangi. Mkweli naye anaumia, maana gari lake zima linapewa bei ya mashaka.

Wako wanaojitetea: "Mimi nilimwambia aje na fundi. Asipoona, shauri yake." Hapana, ndugu yangu. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akaeleza kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Mnunuzi angeweza kutia mkono mwenyewe, lakini hilo halikumwondolea muuzaji wajibu. Aibu unayoijua, itaje. Kusema "nauza kama lilivyo" hakukutoi kwenye dhima ya ulichokificha.

Na kama ushauza, ukaficha? Mpigie simu leo. Mwambie ukweli. Sharia inampa khiyari ya kurudisha gari kwa aibu iliyokuwepo kabla ya mauzo, au mkubaliane fidia. Ikiwa ni breki, usingoje hata futari. Hapo si pesa tena, ni roho za watu.

Tunaacha maji ya halali mchana kutwa, na hakuna anayetuona chumbani isipokuwa Allah. Yeye huyo huyo anajua kilomita za kweli za gari lako.

Allah atujaalie wakweli katika kauli na biashara zetu, na aturudishie baraka masokoni mwetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako anayeuza au kununua.