Nguo Isiyo na Pambo



Hapa Nyakato mabuibui ya nakshi na shanga yameanza kuachwa, na yale meusi yasiyo na pambo, kama ya bibi zetu wa pwani, yanarudi. Watu wamehitilafiana. Wapo wasemao huku ni kurejea kwenye unyenyekevu. Wengine hujibu: unyenyekevu gani, ikiwa buibui lisilo na pambo kutoka Dubai huweza kuuzwa ghali kuliko lenye nakshi?

Wanazuoni wetu wa kale waliichukia nguo ya umaarufu kwa pande zote mbili: ile ya fahari, na ile duni ivaliwayo ili mtu asifiwe uchaji. Pambo lenyewe si haramu. Kilichokatazwa ni kiburi na israfu. Nami sijitoi: nimepata kusifiwa kwa kanzu yangu isiyo na tarizi, nafsi ikafurahi.

Basi, uachapo nakshi, jiulize fedha iliyobaki imekwenda wapi. Ikiwa imemvisha yatima wa jirani siku ya Idi, hiyo ndiyo zuhudi. Ikiwa imenunua buibui la pili na la tatu, hiyo ni fahari ile ile.

Wabillahi Tawfiq.