Ruhusa ya Kucheka: Linda Smith na Maadili ya Mzaha

Linda Smith (1958–2006) alikuwa mchekeshaji wa jukwaani na mtunzi wa vichekesho vya redio nchini Uingereza. Tangu 2004 hadi kufa kwake alikuwa pia rais wa Chama cha Wahumanisti wa Uingereza, yaani watu wanaoshikilia kwamba mwanadamu anaweza kuishi kwa maadili bila kumtegemea Mungu wala kutarajia ahera. Kazi hizi mbili zilipokutana kwa mtu mmoja ziliamsha swali la zamani: nani humpa mchekeshaji ruhusa ya kufanyia mzaha vitu ambavyo wenzake wanaviheshimu au kuviogopa?

Dini hazikutoa jibu moja. Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya 4, alisema kuwa Injili zinamwonyesha Yesu akilia, lakini hazimwonyeshi popote akicheka. Thomas wa Akwino, karne tisa baadaye, aliona vingine: roho huchoka kama mwili unavyochoka, mzaha wa kiasi ni pumziko lake, na mtu asiyetania wala kuvumilia utani wa wenzake ana kasoro ya tabia. Katika Uislamu, Sura Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kuwadharau wenzao, kwa kuwa huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Hadithi zinaeleza kwamba Mtume Muhammad aliwatania maswahaba wake, ila hakusema isipokuwa kweli, na zipo zinazomwonya vikali anayesema uongo ili watu wacheke. Kwa kipimo hicho, wachekeshaji wengi wa leo wangebaki bila la kusema.

Wanafalsafa nao walikitilia kicheko shaka. Thomas Hobbes, katika kitabu chake *Leviathan* cha 1651, alikiona kuwa fahari ya ghafla: mtu anaona udhaifu wa mwenzake, anajiona bora, anacheka. Kama Hobbes alisema kweli, mchekeshaji ni mchuuzi wa kiburi, na swali la ruhusa halina haja ya kuulizwa.

Jamii za Afrika Mashariki zililitatua swali hilo kwa njia ambayo Hobbes hakuifikiria. Mtani ana ruhusa ya kuzaliwa nayo. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kuambiana maneno ambayo yangezua ugomvi kama yangetoka kinywani mwa mtu baki, na msibani mtani huruhusiwa kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa huku maiti ingali ndani. Uhalali wa neno hautoki kwenye neno lenyewe, unatoka kwenye uhusiano wa wanaotaniana. Aidha, ruhusa hiyo ni ya pande mbili: anayetania leo atataniwa kesho, na hana haki ya kununa. Mchekeshaji wa mjini hana urithi huo. Anasimama mbele ya watu asiowajua, nao hawamjui, na ruhusa yake ataitafuta mwenyewe papo hapo. Jinsi Linda Smith alivyoitafuta ndiyo inayoifanya kazi yake istahili kuchunguzwa.

Alizaliwa Erith, mji mdogo ulio kwenye ukingo wa kusini wa mto Thames, mashariki ya London, akasoma Kiingereza na tamthilia katika Chuo Kikuu cha Sheffield. Huko Sheffield ndiko alikoanza sanaa. Wachimbaji wa makaa ya mawe walipogoma mwaka 1984 na 1985, yeye na mwenzi wake Warren Lakin waliandaa maonyesho ya kuwachangia fedha. Jambo hili lina uzito katika maadili ya ucheshi wake. Hadhira yake ya mwanzo ilikuwa na watu ambao serikali ilikuwa inawabana na wasio na mshahara, nao hawangemvumilia mtu aliyekuja kujiona bora mbele yao. Mwaka 1987 alishinda tuzo ya mchekeshaji mpya katika ukumbi wa Hackney Empire, London.

Mzaha wake uliojulikana kuliko yote ni kuhusu kwao. Miji ya Uingereza ina desturi ya kufunga undugu na miji ya nchi nyingine, kisha majina ya ndugu hao huandikwa kwenye kibao cha kuwakaribisha wageni. Smith alisema kuwa Erith haina mji ndugu, ila imeafikiana na Dagenham kujiua pamoja. Dagenham ni mji wa viwanda ulio ng'ambo ya mto. Hapa nadharia ya Hobbes inakwama, maana anayecheka na anayechekwa ni mtu mmoja. Msemaji hakusimama juu ya Erith akaitazama kwa chini. Alisimama ndani yake, akaanza na nafsi yake, na kwa kufanya hivyo akalipa mapema deni ambalo mtani hulipa kwa kutaniwa. Baada ya hapo aliweza kuwageukia mawaziri na wakubwa wengine, na msikilizaji hakumwona kuwa mfidhuli.

Redio ililifanya jambo hili kuwa gumu zaidi. Jukwaani mchekeshaji anauona uso ulionuna na kurudi nyuma. Kwenye redio mzaha unaingia jikoni na chumbani kwa mgonjwa, wala aliyeusema hajui umemkuta nani. Smith alijijengea jina BBC Radio 4 katika vipindi kama *The News Quiz*, ambapo washiriki hujibu maswali ya habari za wiki, na *Just a Minute*, ambapo mtu huzungumza dakika nzima bila kusita, kurudia wala kutoka nje ya mada. Vipindi vya namna hii humbana mtu aseme haraka kuliko anavyoweza kujipamba, na kwa sababu hiyo hufichua tabia yake. Aliandika pia kipindi chake mwenyewe, *A Brief History of Timewasting*, alichokiigiza katika misimu miwili mwaka 2001 na 2002, kuhusu maisha ya mtaani mashariki mwa London. Mwaka huo wa 2002 wasikilizaji wa Radio 4 walimchagua kuwa mtu mcheshi kuliko wote walio hai.

Mwaka 2003 alihojiwa katika *Devout Sceptics*, kipindi cha kituo hicho hicho kuhusu imani na mashaka, na wahumanisti waliomsikia wakamwomba awe rais wao. Aliushika urais huo wakati wa mabishano. Serikali ilikuwa inataka sheria ya kuzuia uchochezi wa chuki dhidi ya watu kwa sababu ya dini yao, na wachekeshaji, Rowan Atkinson akiwa mstari wa mbele, waliogopa kwamba mzaha kuhusu imani ungewapeleka mahakamani. Tarehe 31 Januari 2006 Bunge lilikubali marekebisho ya kuwalinda wanaokosoa na kukejeli dini, na moja ya kura mbili za siku hiyo iliamuliwa kwa tofauti ya kura moja tu. Sheria ikabaki kwa maneno ya vitisho yanayokusudia kuchochea chuki.

Ruhusa ya sheria, hata hivyo, si ruhusa yenyewe. Sheria inasema nani hatafungwa. Haisemi nani amestahili kusikilizwa. Aya ya Al-Hujurat na mfano wa Erith vinakaribiana hapa kuliko mhumanisti au sheikh angetarajia: vyote viwili vinakataa kicheko cha anayejiona bora. Tofauti iko kwenye msingi. Muumini anamnyenyekea Mungu anayejua aliye bora, na Smith alijiona mmoja wa wanaochekwa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mauti. Smith aliugua saratani ya mfuko wa mayai kwa zaidi ya miaka mitatu, akaendelea kupanda jukwaani na kurekodi, na wasikilizaji wake hawakuambiwa. Mtu anaweza kuuliza kama kuficha huko kunapatana na ukweli anaodaiwa mchekeshaji. Jibu la haki ni kwamba hakusema uongo. Alikataa tu kuugeuza uhusiano wake na wasikilizaji kuwa huruma, maana anayeonewa huruma hataniwi tena. Alifariki tarehe 27 Februari 2006 akiwa na umri wa miaka 48. Uingereza haina watani wa kuja msibani, lakini mwaka huo huo wachekeshaji wenzake walikusanyika katika ukumbi wa tamthilia jijini London, wakamkumbuka kwa kuwachekesha waliofika.