Maji Yaliyolala Kati ya Malango

Likizo iliyopita nilitoka nyumbani Buhehe kwenda kumsaidia mjomba kwenye mpunga wake kule Doho, Butaleja, ambako majaruba hupata maji ya mto Manafwa kwa mifereji. Kati ya lango na lango maji hulala sawasawa, tuli, hata usijue yanaelekea wapi. Kwa siku tatu mjomba aliniagiza nisifungue lango la chini. Siku ya nne jaruba la jirani yetu, mama mjane, lilianza nyufa.

"Sisi tuko juu," alisema mjomba. Kifikihi hakukosea kabisa: Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zubayr, aliyekuwa upande wa juu, anyweshe kwanza kisha amwachilie jirani yake maji. Kipimo kilichoshikwa na wanazuoni ni maji kufika vifundoni. Lakini ile ilikuwa mitende ya Madina. Mpunga hukaa ndani ya maji, utasema lini umeshiba? Al-Mawardi alieleza kuwa kipimo hicho hufuata haja, kwa ardhi na mimea yake. Haja ya nani, basi? Mimi naona mwenye kuzuia maji ni mtu wa zamu tu, si mwenye mali.

Jioni ile nililifungua lango bila kumwomba mjomba ruhusa. Hilo la pili bado sijalipatia jibu.