Waacheni Walipe Deni Lao

Wiki hii, kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi (moja ya yale makundi ambayo mtu huamka asubuhi akajikuta ameingizwa), mweka hazina alibandika orodha ya ahadi. Karibu na mwisho walikuwapo mume na mke ninaowafahamu, majirani zangu wa Kigamboni. Wameahidi shilingi 30,000. Kadi ya mtu mmoja ni laki moja, ya wawili laki na nusu. Hazikupita dakika nyingi mjumbe mmoja akaandika: "Elfu thelathini watu wawili? Ndiyo maana wamemaliza deni la nyumba. Wamelimalizia kwenye migongo yetu!" Vikafuata vile vikatuni vya kucheka hadi machozi, mstari mzima. Hata mwenyekiti, mtu mzima mwenye wajukuu, akaweka cha kwake.

Sikujibu. Kundi la harusi si mahali pa kugombana, na bibi harusi mwenyewe hana kosa. Lakini kauli ile imenikaa kooni siku zote hizi, kwa sababu najua deni lile lililipwaje, na hakuna mgongo wa mtu mle zaidi ya migongo yao wenyewe.

Mume ni afisa ugavi katika kampuni ya kawaida tu. Mke ni muuguzi. Walikopa benki milioni 60 wanunue nyumba, riba asilimia 17 kwa mwaka, muda wa miaka 15. Marejesho yakawa kama 923,000 kila mwezi. Walilipa bila kukosa, na baada ya miaka mitano wakaenda kuuliza salio, wakiwa na matumaini ya watu waliokwisha kupeleka benki zaidi ya milioni 55. Waliambiwa wanadaiwa milioni 53.

Mume aliniambia alidhani kompyuta imekosea. Mke hakudhani kitu, alikaa tu. Yule kijana wa benki akawafungulia jedwali la mkopo, ambalo walilisaini siku ya kwanza pamoja na karatasi nyingine nyingi bila kulisoma, kama tunavyofanya wote. Mwezi wa kwanza, katika zile 923,000, riba peke yake ilikuwa 850,000. Kilichopunguza deni la msingi ni 73,000 na kidogo. Mwezi wa pili hivyo hivyo, tofauti ni shilingi elfu moja na ushee. Hawakuibiwa. Riba hupigwa kwenye deni lililobaki, na deni likiwa kubwa riba hula karibu chote kinacholetwa. Ukifika miaka ya mwishoni ndipo msingi unapoporomoka.

Wengi wakiona hesabu hiyo hukasirika, wakailaani benki, wakarudi nyumbani kuendelea vile vile. Hawa wawili walikaa na jedwali lao mezani wakaligeuza upande wa pili. Kama marejesho ya kawaida huanza kwa kulipa riba, basi shilingi yoyote inayozidi hapo inakwenda moja kwa moja kwenye msingi, na msingi ukipungua, riba ya mwezi unaofuata nayo inapungua, na ya mwezi wa baada yake, hadi mwisho. Kwa mkopo kama wao, mtu anayeongeza 150,000 kila mwezi tangu mwanzo hamalizi kwa miaka 15. Anamaliza kwa miaka 9 na miezi minne hivi, na anaokoa zaidi ya milioni 46 za riba. Nimeirudia hesabu hii mwenyewe kwa sababu sikuiamini.

Wao walikuwa wamechelewa miaka mitano. Wakaanza kuongeza wastani wa 250,000 kwa mwezi. Miaka kumi iliyobaki ikageuka sita.

Sasa hizo 250,000 zilitoka wapi? Hapa ndipo wahubiri wa kubana matumizi huanza kutuhesabia maandazi. Acha chai ya kazini, acha soda, utakuwa tajiri. Maandazi mawili na chai kila siku ya kazi ni elfu thelathini, arobaini kwa mwezi. Si haba, lakini hayajengi. Majirani zangu walianza na vitu vikubwa, na walianza na vya mume. Gari liliuzwa, fedha yake ikafuta mkopo mdogo wa mshahara uliokuwa ukiwatafuna pembeni, na mafuta ya kila wiki yakabaki mfukoni. Mwenye gari akarudi kwenye pantoni ya Magogoni kwa shilingi 200 na daladala upande wa pili. Ijumaa zake za nyama choma na bia zikafa. Yeye mwenyewe husema zilikufa kifo cha polepole, lakini zilikufa.

Baada ya hapo ndipo jiko likaguswa. Mchele ulikuja kwa gunia kutoka Kyela, ukipakiwa kwenye basi na shangazi wa mume. Maharage yalilowekwa usiku ili yasile gesi. King'amuzi kikashushwa kifurushi cha chini kabisa, watoto wakanuna, wakazoea. Sare za shule zilishonwa na pindo refu za kuachia. Mke alikuwa na mchezo na wauguzi wenzake, ule wa kupeana kwa zamu, na zamu yake ilipofika wenzake walinunua sofa na majokofu, yeye akaenda benki.

Na alikwenda na barua. Mara ya kwanza waliweka fedha bila barua, benki ikaikalia kwenye akaunti na kuikata kama marejesho ya mwezi uliofuata, deni la msingi likabaki pale pale. Tangu hapo kila fungu lilikwenda na karatasi iliyosainiwa na wote wawili: fedha hii ipunguze deni la msingi, na muda wa mkopo ufupishwe. Msomaji mwenye mkopo, hili ndilo la kukata na kubandika kwenye friji. Soma pia kifungu cha kulipa kabla ya muda, maana kuna mikataba inayotoza adhabu kwa anayeharakisha, na adhabu ikiwa kubwa hesabu inabadilika.

Lakini nimeacha fungu kubwa kuliko yote, na ndilo lililoleta ile kauli ya kundini. Kadi.

Familia ya mshahara hapa Dar es Salaam hupata kadi ngapi kwa msimu? Harusi, send-off, kitchen party, ubarikio, siku ya kuzaliwa ya mtoto wa bosi. Tuseme mbili tu kwa mwezi, za laki na nusu. Hizo ni laki tatu, zinazidi ile 250,000. Yaani hawa watu wangeweza kula nyama kila siku, kubaki na king'amuzi chao na kununua mchele kwa kilo dukani, wakiacha kadi tu. Maharage yaliyolowekwa ni mapambo. Kilichofupisha deni ni kuthubutu kuandika elfu thelathini mbele za watu.

Nasikia mtu akinijibu: "Wewe unatufundisha uzungu. Ukifa benki haitakuzika." Hoja hii naiheshimu na siikubali. Benki haitanizika, ni kweli. Lakini nani ataletwa na kadi ya harusi? Yule muuguzi sijawahi kumkosa msibani. Mwenyekiti huyu huyu aliyecheka kundini, mama yake alipolazwa ni muuguzi huyu aliyekesha naye, zamu yake ikiwa imekwisha, na hakuna mtu aliyeorodhesha ahadi. Kwenye ugonjwa na msiba hawakuwahi kupunguza. Walikuwa na bahasha yake kila mwezi, haiguswi hata deni likilia. Walichopunguza ni ukumbi, mapambo, mshereheshaji na keki ya ghorofa.

"Lakini na wao walichangiwa." Walichangiwa, ndiyo, na hapa mpinzani wangu ana nguvu. Mchango ni deni, na anayekula cha wenzake kisha akafunga mkono ana jina lake mtaani. Tatizo ni kwamba deni hili halina jedwali. Hakuna anayejua amebakiza kiasi gani. Uliyemchangia haendi kuutafuta mchango uliompa, na aliyekuchangia elfu ishirini wakati ule leo anakudai laki na nusu. Hata benki yenye riba ya asilimia 17 inaniambia tarehe ya kumaliza.

Yupo mpinzani wa pili, ndugu yetu aliyeko Marekani, ambaye aliwaambia waziwazi kwamba kulipa mkopo wa nyumba haraka ni ujinga, fedha ya ziada iwekezwe. Kwake ana haki. Mwaka 2021 Wamarekani walikuwa wakikopa kwa miaka 30 kwa riba chini ya asilimia 3. Mwenye mkopo wa namna ile nami ningemshauri asiharakishe. Hapa kwetu mfumuko wa bei, wastani wa mwaka, haujavuka asilimia 5 tangu 2018, na mkopo ni asilimia 17. Anayejua pa kuweka shilingi ipate asilimia 17 za uhakika baada ya kodi, anitafute, nami nitawaita majirani. Ushauri wa fedha haupandi ndege vizuri.

Wa tatu ni yule wa "mimi najenga kidogo kidogo, riba sili". Wazazi wetu wengi walijenga hivyo, na sehemu kubwa ni kwa kukosa njia: Benki ya Nyumba iliyoanza miaka ya mwanzo ya sabini ilifungwa 1995, na sheria ya mikopo ya nyumba ikaja 2008. Kati hapo mtu alinunua tofali alipopata. Nawaheshimu. Ila pita Chanika au Bunju uone mapagale yaliyoota miti sebuleni, fedha ya mtu imelala miaka kumi huku mwenyewe akilipa kodi ya miezi sita sita kwa mwenye nyumba Tabata. Hiyo nayo ni riba, haijaandikwa tu. Anayekatazwa riba na imani yake simgusi, ana njia zake na wanazuoni wake.

Kuna jambo moja hata hivyo ambalo linanizuia kuimba sifa za kubana matumizi kwa kila ninayekutana naye. Nimeona nyumba nyingi ambamo baba anatangaza "tunabana", na kinachobanwa ni fedha ya jikoni. Mama apike kwa elfu saba kile alichokuwa akipika kwa elfu kumi na mbili, binti wa kazi apunguzwe mshahara, mtoto aache masomo ya ziada, na baba mwenyewe yuko pale pale kwenye kiti chake cha baa kwa sababu "pale ndipo dili zinapopatikana". Nyumba inalipwa mapema na jina kwenye hati ni moja. Huo mimi siuiti uangalifu wa fedha. Kama mkubwa hajaanza kwa kukata cha kwake, na kukikata kweli, wadogo wana haki ya kuiba sukari.

Kwa majirani zangu gari lilitangulia, nyama ikafuata, na hati ina majina mawili. Hata hivyo mtoto wao wa kwanza, ambaye sasa anakwenda chuo, aliniambia bila kucheka kwamba akianza kujitegemea hatakula maharage mwaka mzima. Nilipomuuliza kama alitamani wazazi wangechukua miaka yote 15, alifikiri kidogo akasema angetamani wangekuwa wanawaambia salio. Miaka yote ile watoto walijua wanabanwa, hawakujua deni limefika wapi. Wazazi nao wamelikubali hilo.

Nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati. Nikamwamkia, nikamuuliza: "Mzee, bajeti yetu ni milioni 38. Nusu ya hizo tungewapa maharusi wakaanzia nyumba, ingekuwaje?" Akacheka sana. "Mwanangu, sasa watu tutawaitaje ukumbini bila sahani?" Nikamwambia wale kwao kwanza. Akasema nije nikaseme hivyo kwenye kikao, nione. Nitakwenda.

Majirani zangu nao wamo katika hatua ambayo wengi huisahau. Kumaliza deni hakuondoi jina la benki kwenye hati. Lazima benki itoe waraka wa kuachia rehani, upelekwe kwa Msajili wa Hati, na rehani ifutwe huko. Mke ameshachukua siku ya mapumziko kwa kazi hiyo. Kuhusu ile milioni moja na ushee itakayobaki nyumbani kila mwezi, yeye anataka ada ya chuo ilipwe kwa mwaka mzima na godoro jipya. Mume anataka gari. Mjadala unaendelea, na kwa ninavyomjua yule muuguzi, gari litasubiri.