Mangungo na Lawama Zetu

Mji wa Malaka, kule Umalei, una ngano ya kuzaliwa kwake. Mwanamfalme mkimbizi aliketi kando ya mto mbwa wake wakiwinda, mara paa mdogo akampiga teke mmoja wao hadi majini. Akanena: hapa ndipo pa kujenga. Wenyeji wamejichagulia ukoo na kijinyama shujaa, na nani atawalaumu?

Nchi ya Kilosa, ukingoni mwa Mkondoa, haikubahatika hivyo. Mikumi, jirani yake, imepewa jina la upole la mti. Lakini itajwapo Msovero, hutajwa Mangungo, tena kwa kicheko. Na mkataba mbovu wa madini au wa bandari huitwa wa Kimangungo.

Novemba 1884 Karl Peters alifika Usagara na wenzake watatu. Karatasi waliyoiacha, kwa Kijerumani, yamwita Mangungo “Sultani”, yamfanya rafiki wa milele, na papo hapo yamtoa nchi yake yote. Mimi nimezeeka katika kufasiri. Najua jinsi neno “urafiki” liwezavyo kusemwa mdomoni na “milki” likabaki karatasini, na pande zote mbili zikaagana kwa furaha. Isitoshe, kwa watu wa milima ile ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata mama. Mzee huitambikia, haiuzi. Basi alitoa nini, ikiwa hakuwa nacho?

Simtakasi. Atiaye alama chini ya asichoweza kukisoma ana lake la kujibu. Ila mizani iwe moja. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm I alizitia nguvu karatasi zile. Sayyid Barghash, mwenye makarani na meli, mwenye balozi wa Kiingereza mlangoni, alilalamika. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, naye akaridhia. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakampimia mwambao wa maili 10 bila ya kumshauri. Mbona hatusemi mkataba wa Kibarghash? Sisi wa visiwani (nami nimo) twawaonea haya waliokaa kasrini, tukamcheka wa kijijini.

Natamani kusikia Msovero wanavyomsimulia wenyewe, kwa lugha yao, jioni, wakati mgeni ameshaondoka.