Wakili, Ujira wa Kijana Wako Uko Wapi?

Sikilizeni, mawakili wa mjini, ninyi ambao majina yenu yanang'aa kwenye vibao vya Posta na Upanga, ninyi mnaoitana wasomi mkisimama mbele ya jaji. Nina swali moja, nanyi mnijibu kwa ndiyo au hapana kama mnavyowabana mashahidi wa upande wa pili: yule kijana aliyebeba mafaili yenu leo asubuhi hadi mahakama ya Kisutu, mwezi uliopita mlimlipa?

Msiniambie mlimpa nauli. Nauli inamfikisha mtu kazini, haimlishi akirudi nyumbani.

Msiniambie anajifunza. Anajifunza nini kwa kusimama masijala kuuliza faili liko wapi, kutoa fotokopi, kuwapeleka watoto wenu shule na kusimamia mafundi wanaopaka rangi nyumba yenu ya Goba? Na ile siku anapopewa kazi ya kisheria kweli, anakesha nayo. Anaandika hoja za maandishi kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, anatafuta maamuzi ya Mahakama ya Rufani usiku kwa bando alilonunua mwenyewe, anapanga viambatisho. Asubuhi mnabadili aya mbili, mnatia sahihi, mteja anatumiwa ankara ya mamilioni. Mteja anaamini amenunua miaka yenu ishirini ya uzoefu. Amenunua usingizi wa kijana wa Kimara ambaye kodi ya chumba chake imechelewa.

Hapo ndipo dhambi yenu inapozidi ya tajiri wa kiwanda, kwa sababu ninyi sheria mnaijua. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 mnakikariri. Kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lolote kati ya mambo yaliyotajwa humo lipo: saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi na mwingine, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45! Kijana wenu huzimaliza ndani ya wiki moja, na Jumamosi bado mnamwita. Kifungu hichohicho mmekisoma kwa sauti kubwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mkimtetea mlinzi na dereva wa lori, mkamwambia mwajiri kuwa asijifiche nyuma ya neno "kibarua". Mkatoka pale na ushindi, mkarudi ofisini kwa yule mnayemwita "wa kujitolea".

Amejitolea lini? Nani alimpa nafasi ya kukataa? Mnajua hatawashtaki. Siku ya kuomba kusajiliwa uwakili atahitaji neno lenu jema, na mji huu wa mawakili ni mdogo, jina la mkorofi linafika kila ofisi kabla yake. Mmeipima hofu yake mkaona inatosha kuwa mkataba.

Yeremia alimlaani mfalme aliyejenga jumba lake kwa kazi za watu asiowalipa. Mtume Muhammad aliagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Kila siku mnawaona mashahidi wakiapa kwa Biblia na kwa Msahafu. Je, viapo hivyo ni vya mashahidi peke yao?

Kumbukeni mlikotoka. Mwaka 1961 chuo kikuu chetu kilianza na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi ilikuwa karibu haina wanasheria wake yenyewe, na katika umaskini ule ikaamua kuanza na hao. Waliosomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba na wa korosho ndio waliowafundisha waliowafundisha ninyi. Hakuna aliyewaambia kwanza wabebe mikoba bure miaka mitatu.

Na mwaka 2022, ilipofahamika kwamba katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndio waliofaulu moja kwa moja, kelele zenu zilijaa redioni. Ndumbaro, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Mwakyembe, waziri wa zamani. Ninyi mkalaumu vyuo vikuu, mkalaumu Kiingereza cha watoto wa shule za kata, mkasema kizazi hiki hakisomi. Yapo ya kweli katika hayo. Lakini sehemu ya mafunzo kwa vitendo hufanyika ofisini mwenu, na mnajua mlichowafundisha humo: duka la fotokopi lenye bei nafuu na jina la karani wa kuonwa ili faili lipatikane. Kijana anaingia kwenye mtihani hajawahi kukaa kando ya wakili anayemhoji mteja, kwa kuwa kila mteja alipoingia yeye alitumwa chai.

Kisha mnamfundisha la muhuri. Sheria inataka mwapaji aje mwenyewe mbele ya kamishna wa viapo, na hati ionyeshe alipoapia na tarehe. Ninyi mnaacha muhuri kwenye droo na kumwambia kijana "gonga tu, sahihi nimeshaweka". Elfu kumi, elfu tano, hata elfu tatu jioni ikifika. Watu wamepoteza viwanja Kigamboni kwa hati za namna hiyo. Halafu chama chenu kinapotangaza vita dhidi ya mawakili vishoka, mnapiga makofi! Kishoka huyo alilelewa wapi? Alikaa kwenu bila mshahara, akaona kwamba kipato pekee kinachomfikia mkononi ni cha muhuri, akaenda kuchonga wake.

Na lile mnalolisema kwa kunong'ona nitalisema wazi. Wapo kati yenu wanaomwita binti aliyeleta barua ya maombi, wakamwambia warudi kuzungumza jioni, mahali pasipo ofisi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja tendo hilo kuwa kosa la jinai. Na ninyi wengine mnaomjua mwenzenu huyo, mkala naye chakula cha mchana mkacheka, mmekuwa washirika wake.

Nanyi vijana, msishangilie kana kwamba karipio hili limewapita. Nimewaona mkiapishwa, wazazi wamekuja na mabasi kutoka mikoani, shela na maua, picha mia. Miaka minne baadaye mnafungua ofisi yenu ya vyumba viwili, na kiti cha kwanza mnachokijaza ni cha kijana asiyelipwa. Akiuliza mnasema "hata sisi tulipitia". Mlilia nini basi?

Na mbona nyote mmejazana Dar es Salaam mkigombania fildi katika ofisi zilezile? Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na mawakili wameruhusiwa katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Katavi na Simiyu wapo wajane wanaonyang'anywa mashamba, na anayewasaidia ni msaidizi wa kisheria wa kijijini mwenye mafunzo ya muda mfupi. Sisemi huko kuna utajiri. Nasema huko wewe ndiye utakayemhoji mteja tangu siku ya kwanza. Ninyi wazazi mnaomwambia mwana "hatukukusomesha urudi porini", mnamtupa kwa mikono yenu kwenye zile ofisi za nauli.

Lakini mzigo mkubwa uko kwenu wenye vibao. Kesho, kabla hujavaa joho na kola, mwite kijana wako akae, si asimame mlangoni. Muulize miezi mingapi amekutumikia, hesabu, mlipe ya nyuma. Kisha mwandikie hati inayotaja kazi yake, saa zake na ujira wake. Ya kuandika yote yamo katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kitafute mwenyewe. Usimtume yeye.