Msaada Ukizeeka

Je, muda unaweza kuugeuza msaada kuwa haki? Ruzuku ya maji kwa mashamba makubwa inatulazimisha kulijibu swali hilo, na California ina mengi ya kutufunza.

Mwaka 1902 Marekani ilitunga sheria ya kupeleka maji katika majimbo yake makavu ya magharibi, California ikiwemo. Serikali ingejenga mabwawa na mifereji, nao wakulima wangerudisha gharama za ujenzi bila riba. Masharti yalikuwa mawili: maji hayo yasizidi ya ekari 160 kwa mmiliki mmoja, naye aishi shambani au jirani yake. Waliokusudiwa ni familia za wakulima wadogo. Kikomo hicho kilikwepwa mara nyingi, na mwaka 1982 Bunge likakipandisha hadi ekari 960 na kufuta sharti la makazi. Kusudi lilififia, unafuu ukabaki.

Watetezi wa unafuu huo wana hoja nzito. Shamba lenye maji ya bei nafuu huuzwa ghali, kwa hiyo faida ya ruzuku huondoka na yule aliyeuza kwanza. Aliyenunua baadaye amekwisha kuilipia. Ukiifuta leo, unamtia hasara mtu ambaye hakupendelewa.

Hasara yake ni ya kweli. Hata hivyo, alichonunua ni ardhi pamoja na tumaini kwamba sera haitabadilika. Tumaini la namna hiyo linadai taarifa ya mapema na muda wa kujipanga, halidai umilele. Lingekuwa haki kamili, basi kosa lolote la serikali lingepata kinga kwa kukaa muda mrefu tu, na mlipakodi angefungwa na mauziano asiyoshiriki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukarimu wao ulijua kuhesabu siku.

Mabadiliko yanawezekana. Mwaka 1992 Bunge hilohilo liliagiza karibu mita za ujazo bilioni moja za maji ya mradi mkuu wa mabwawa na mifereji ya serikali hiyo huko California zitengwe kila mwaka kwa ajili ya samaki na mazingira yao.

Basi bei ipandishwe hatua kwa hatua, kwa ratiba inayojulikana, ikianza na mashamba makubwa zaidi. Na serikali yoyote inayoanzisha ruzuku ya maji leo iandike ndani ya sheria yenyewe: ni ya nani, kwa kusudi gani, na mwisho wake lini.